Wasomaji wanauliza: kulala hoteli ndogo za maji moto vijijini Japani

Tangu tugusie kidogo habari za onsen, zile chemchemi za maji moto za Japani, barua hazijakatika, na kilichonifurahisha ni kwamba wengi hamuulizi zile hoteli kubwa za ghorofa kumi, mnauliza hizi ndogo za kijijini, nyumba ya kifamilia yenye vyumba vichache, mama mwenye nyumba ndo anakupokea mlangoni na mumewe au mtoto wake ndo yuko jikoni. Moyo wangu uko huko huko. Nimechagua maswali yanayojirudia sana, mengine nimejibu kwa urefu na mengine nimepita haraka.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi nasoma Sendai, na mama yangu anakuja kunitembelea mwezi wa kumi. Ana shida ya magoti na presha kidogo, nilitaka nimpeleke onsen lakini hoteli ninazoziona mtandaoni ni yeni 40,000 kwa mtu kwa usiku, siziwezi. Nikichukua ya bei ya chini si ntamwaibisha mama? Na usiku mmoja unatosha?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza toa hilo wazo la kumwaibisha mama, maana kwenye onsen bei kubwa unalipia chumba, vyombo, nyama ya ng'ombe ya kifahari na mandhari ya dirishani, maji yenyewe mara nyingi yanatoka ardhi ile ile. Kuna nyumba chakavu kabisa, sakafu inalia ukikanyaga, lakini maji yake ni mazuri kuliko ya jirani anayetoza mara tatu.

Na wewe una bahati, uko Sendai, Naruko iko mkoa huo huo wa Miyagi. Ukipanda Shinkansen, ile treni ya kasi, unashuka Furukawa unabadili kwenda laini ya Rikuu Mashariki hadi stesheni ya Naruko-Onsen, ila kama hela inabana panda treni ya kawaida hadi Kogota halafu unganisha hapo, inachukua muda mrefu zaidi lakini mnaokoa hela nzuri. Naruko sio sehemu moja, ni vijiji vitano vya maji moto vinavyofuatana bondeni: Naruko yenyewe, Higashi-Naruko, Kawatabi, Nakayamadaira na Onikobe. Maji yanatofautiana, hapa ya salfa yananuka kama yai, kule Nakayamadaira yanateleza mwilini mpaka unadhani umejipaka mafuta. Na mwisho wa mwezi wa kumi kuingia wa kumi na moja ndo majani ya lile korongo la Naruko yanageuka mekundu, kwa hiyo buku mapema, tena katikati ya wiki, Jumamosi bei inapanda na vyumba vinaisha.

Mimi ningekushauri Higashi-Naruko au Kawatabi, kwa sababu huko bado kuna nyumba za toji. Toji ni ule utaratibu wa zamani wa kwenda kukaa kwenye maji moto kwa ajili ya afya, wakulima walikuwa wakimaliza kupanda au kuvuna wanabeba mchele wao na miso, ile soya iliyochachuliwa, wanaenda kukaa siku 7, ndo mzunguko mmoja, na mwenye maumivu makubwa anakaa mizunguko mitatu. Hawakuwa matajiri hata kidogo, kwa hiyo nyumba zilijengwa kwa ajili yao, zina jiko la pamoja, unapika mwenyewe, bei inashuka sana, wastani yeni 4,000 au 5,000 kwa mtu. Ukitaka upikiwe chakula cha jioni na cha asubuhi, hoteli za kawaida za namna hii mara nyingi zinacheza kati ya yeni 8,000 na 15,000. Kumbuka bei ni kwa kichwa sio kwa chumba, hapo wageni wengi wanachanganya, wanaona 9,000 wanadhani ni ya wote wawili. Juu yake kuna kodi ya kuoga, kwa kawaida yeni 150 kwa mtu kwa usiku, unalipa pale pale. Na beba keshi, nyumba nyingine hazipokei kadi.

Sasa magoti ya mama. Nyumba ndogo za zamani nyingi hazina lifti na ngazi zake ni za wima kweli, afu kulala ni chini kwenye godoro la futon juu ya mikeka ya tatami, kuinuka asubuhi kwa mtu wa magoti ni kazi. Wakati wa kubuku waambie kabisa: chumba cha chini, karibu na bafu, na kama wanacho kitanda au kiti cha kulia chakula mezani. Wanajali sana hayo mambo, wageni wao wengi wenyewe ni wazee, lakini usiposema mapema hawawezi kukugawia chumba ambacho tayari kina mtu.

Presha nayo usiichukulie poa. Muulize daktari wake kwanza, sio mimi wala mwenye hoteli. Maji mengi yako nyuzi 40 hadi 42, mengine yanazidi, mwili ukiingia ghafla moyo unashtuka. Ndo maana kabla ya kuingia unachota maji ya bafuni kwa kata unajimwagia kuanzia miguuni kupanda juu polepole, hiyo sio adabu tu, ni kuuzoesha mwili. Mama aingie mpaka kiunoni kwanza, akae dakika tano atoke apumzike, arudi tena kama anajisikia vizuri. Anywe maji kabla na baada. Asiingie akiwa ameshiba sana, na wewe usimwache peke yake. Kutoka kwenye maji ndo pa hatari zaidi, ukisimama haraka kichwa kinazunguka na sakafu ina utelezi.

Usiku mmoja? Hautoshi, kwa kweli hautoshi. Mtafika saa tisa alasiri, mtaoga, saa kumi na mbili chakula, mtalala, asubuhi mnaoga mara moja na saa nne mnatakiwa muwe mmetoka. Siku yote mmeshika begi. Ukikaa usiku wa pili unapata ile siku ya katikati, wageni wa jana wameondoka, wa leo hawajafika, bafu lote liko kimya lenu wawili, mama akimaliza anajilaza anasinzia bila kuangalia saa. Afadhali usiku mbili kwenye nyumba ya yeni 5,000 kuliko mmoja kwenye ya 10,000. Hilo nalisema kwa kila anayeniuliza na sijaona sababu ya kulibadilisha.

SWALI: Assalaam alaikum dada. Mimi na mume wangu tunaishi Tokyo kikazi. Wenzetu kazini kila mapumziko wako onsen, sisi tunabaki kwa sababu kuvua nguo mbele ya watu hatuwezi, dini hairuhusu na hata isingekuwa dini nisingeweza. Na chakula tunasikia kila kitu kina pombe. Tusahau tu?

JIBU: Waalaikum salaam dada yangu. Msisahau, ila mjipange tofauti na wenzenu.

Ni kweli kwenye bafu la pamoja watu wanaingia bila nguo kabisa, wanaume upande wao na wanawake upande wao, na nguo ya kuogelea hairuhusiwi sehemu karibu zote. Kile kitaulo kidogo unachopewa unaweza kujisitiri nacho ukitembea lakini hakiingii majini, watu wanakikunja wanakiweka kichwani. Kwa hiyo bafu la pamoja kwenu halipo, tuliache hapo.

Kinachowafaa ni bafu la faragha, wao wanaliita kashikiri au bafu la familia, na hapa ndo hoteli ndogo inaishinda kubwa. Nyumba nyingi za vyumba vichache zina bafu dogo moja au mawili, ukilikuta wazi unageuza kibao mlangoni, unafunga kwa ndani, mnaoga wawili mke na mume bila mtu kuwaona, bure. Sehemu nyingine unaandika jina kwenye ratiba wakati wa kufika na unalipia, mara nyingi yeni 1,000 hadi 3,000 kwa dakika 45 au 50. Ukifika tu, kabla hata hamjanywa ile chai ya kukaribishwa, ulizeni ratiba ya bafu, maana saa nzuri zinakwisha. Kitu kimoja cha kuuliza wakati wa kubuku: je hilo bafu la faragha, au beseni la chumbani kama chumba kinalo, linatumia maji ya chemchemi au ya bomba yaliyopashwa? Zipo zinazotumia ya bomba kwenye mabafu madogo, na mkishasafiri mpaka huko milimani kuoga maji ya bomba ni hasara. Na mkiwa mnatembea kijijini mtakuta madimbwi ya kulowekea miguu tu, mengi ni bure, mnakaa na nguo zenu.

Chakula. Waliowaambia hawajakosea sana. Vyakula vya kuchemsha vya Kijapani karibu vyote vina sake ya kupikia, yaani pombe ya mchele, au mirin, na mirin ni pombe tamu. Supu inatengenezwa na samaki aliyekaushwa na mwani, hiyo haina shida, lakini mchuzi wa soya wenyewe unatoa pombe kidogo wakati wa kuchachuka, hapo kila mtu na msimamo wake. Nguruwe anajitokeza pasipotarajiwa, kwenye kachumbari ya viazi unakuta vipande vya hamu, ile nyama ya nguruwe (ham). Kwa nyumba ndogo usiseme tu "sisi Waislamu" ukadhani wameelewa, andika orodha: hatuli nguruwe, hamu, bekoni, hatuli nyama yoyote ila samaki, msitie sake wala mirin. Tuma siku kadhaa kabla, wakijibu hawawezi wamekuwa wakweli, washukuruni mtafute kwingine. Kufika jioni halafu ndo useme, yule mama ameshaandaa vibakuli kumi kwa kila mtu, mnamuumiza na nyie mnalala njaa.

Kwa msimamo wenu mimi ningeenda moja kwa moja kwenye nyumba zenye jiko la wageni kama nilivyomweleza mwenzenu hapo juu. Au nendeni Beppu, mkoa wa Oita, kile kitongoji cha Kannawa ambapo mvuke unatoka ardhini mpaka barabarani, kuna nyumba za wageni zenye majiko ya mvuke huo uani. Unaweka viazi vitamu, mayai, mahindi, samaki, kuku wenu mliyemnunua halali Tokyo mkamgandisha, unafunika, mvuke unaivisha. Hakuna mafuta, hakuna pombe, hakuna sufuria ya mtu iliyopikia nguruwe maana mnaweka kwenye vyombo vyenu. Ni chakula kitamu sana na chumvi kidogo tu inatosha.

SWALI: Dada mhariri, nimeudhika. Nilibuku hoteli ya onsen kijijini pamoja na chakula, treni ikachelewa nikafika saa mbili na nusu usiku, wakanionyesha chumba na kuniambia chakula hakuna. Nililipa! Nilihisi ni rangi yangu.

JIBU: Pole sana kaka, kulala njaa milimani ugenini sio mchezo, na siwezi kukataa kwamba ubaguzi upo duniani, Japani ikiwemo. Lakini kwa hili ulilonieleza, Mjapani mwenzao akifika saa mbili na nusu bila kupiga simu anakuta hali hiyo hiyo.

Chakula kwenye nyumba hizi ni saa kumi na mbili au na nusu, na wengi wanataka uwe umeshafika saa kumi na mbili kamili. Jiko ni watu wawili watatu. Wanapika kwa hesabu ya vichwa, samaki wako anawekwa motoni ukiwa njiani kuingia sebuleni, ukichelewa hamna mtu mwingine wa kumuuzia wala zamu nyingine ya wapishi, na yule yule aliyekupikia ndo saa kumi na moja alfajiri anaamka kuwasha jiko la asubuhi. Ulipoona treni inachelewa ungepiga simu, hata kwa Kijapani cha kuokoteza, taja jina lako na saa utakayofika, basi. Wengi wangekuwekea hata tonge za wali na kachumbari chumbani. Na ukijua mapema kwamba utachelewa, omba bei ya kulala tu bila chakula, inaitwa sudomari, ununue chakula mjini kabla hujabadilisha treni kwa sababu kijijini duka linafungwa mapema au halipo kabisa. Angalia na basi la mwisho kutoka stesheni, sehemu nyingine linaondoka jioni mapema mno. Hoteli nyingi zinakuja kukuchukua stesheni na gari lao, lakini hiyo pia unaomba kabla, na inafuata treni fulani sio yoyote.

Kuhusu hela, kama hukuarifu, kwa taratibu zao hairudi. Ila kutokukueleza vizuri kwa upole hapo walikosea.

SWALI: Nina tatuu mkononi, kubwa kiasi. Nitakataliwa kweli?

JIBU: Inawezekana. Mwaka 2015 shirika la serikali la utalii la Japani liliziuliza hoteli na mabafu kuhusu hili, katika zilizojibu kama asilimia 56 zilisema zinakataa, 31 hazina shida, na 13 zinaruhusu ukiifunika. Sababu ni kwamba tatuu kwao zimefungamana na magenge ya yakuza, na serikali yenyewe iliwahi kuzipiga marufuku kuanzia 1872 mpaka 1948, kwa hiyo hata asiye na genge aliangaliwa vibaya. Mwaka 2013 huko Hokkaido walimkataza mama mmoja wa Kimaori kutoka New Zealand kwa sababu ya alama za mdomoni ambazo ni za heshima kwenye kabila lake, likawa gumzo kubwa, na tangu hapo mambo yanalegea taratibu. Uliza kabla, usijifiche. Ikiwa ndogo kuna plasta maalum za rangi ya ngozi, yako kubwa bafu la faragha ndo salama. Au nenda Kinosaki, mkoa wa Hyogo, mabafu yake ya mji yanapokea wenye tatuu, unalala nyumba ndogo yoyote pale mjini na kwa kawaida wanakupa pasi ya kuyaingia yote.

SWALI: Nitajuaje maji ni ya kweli na si ya kupashwa na kutiwa dawa?

JIBU: Swali zuri kuliko yote na wachache wanauliza.

Sheria ya onsen ya 1948 inasema maji yakitoka ardhini yakiwa na nyuzi 25 au zaidi, au yakiwa na kiasi kilichowekwa cha angalau kimoja kati ya vitu 19 vilivyotajwa, hayo ni onsen. Angalia hapo, nyuzi 25 ni baridi kwa kuoga, kwa hiyo kupasha sio udanganyifu kisheria. Kuzungusha maji yale yale kwenye chujio na kutia klorini nako kunaruhusiwa, na kuna sababu ya afya, bakteria wa legionela anaua. Tatizo ni kuficha. Mwaka 2004 ilijulikana kwamba Shirahone, mkoa wa Nagano, kijiji kinachosifika kwa maji meupe kama maziwa, bafu la wazi la umma lilikuwa linatiwa unga wa kuyafanya meupe, nchi nzima ikapigwa na butwaa, na kuanzia 2005 sheria inadai wabandike wazi kama wanaongeza maji, wanapasha, wanazungusha au wanatia dawa.

Kwa hiyo ukiingia chumba cha kuvulia nguo tafuta hilo tangazo ukutani na cheti cha uchunguzi wa maji. Piga picha ukiwa bado hujavua nguo wala hamna mtu ndani, maana simu hairuhusiwi humo, uitafsiri chumbani. Unachotafuta ni maandishi 源泉かけ流し, maana yake maji yanaingia kutoka kwenye chanzo na kumwagika nje bila kurudishwa. Tazama na pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi. Ikiwa karibu na 2 kama mji wa maji moto wa Kusatsu, au 1.2 hivi kama Tamagawa mkoa wa Akita, hiyo ni asidi kali, ukiwa umenyoa siku hiyo utawaka moto, usiguse macho, vua pete ya fedha, toka ujimwagie maji safi. Tamagawa wenyewe wana beseni la nusu kwa nusu la kuanzia, lianze hilo. Ikiwa maji ni mapole usijisuuze, jikaushe tu.

SWALI: Lile joho la pamba mnalopewa linavaliwaje? Na tip naacha kiasi gani?

JIBU: Upande wa kushoto unakuja juu ya wa kulia, wote, mwanaume na mwanamke. Kinyume chake ndo wanavyovalishwa maiti. Unaweza kulivaa kula, kulala, hata kutoka nje kijijini. Tip hamna, wala usijaribu kuilazimisha. Na kwa kuwa tuko hapo: mapazia ya mlangoni, 男 ni wanaume na 女 ni wanawake, nyumba nyingi wanabadilisha pande usiku ili kila mtu aonje mabafu yote, kwa hiyo asubuhi soma pazia tena kabla ya kuingia.

SWALI: Naweza kwenda Sukayu mwezi wa pili? Nasikia theluji inafunika nyumba.

JIBU: Unaweza, na nenda. Sukayu iko mlimani Hakkoda, mkoa wa Aomori, mwezi wa pili 2013 theluji ilipimwa pale ikafika sentimita 566. Ni nyumba ya mbao yenye upande wa toji pia kwa wenye hela ndogo, na lile bafu lao la mbao za mti uitwao hiba wanaloliita la watu elfu. Ni bafu la pamoja wanaume na wanawake, ila maji ni meupe hayaonyeshi, wanawake wanaweza kuvaa gauni la kuogea, na kuna saa ya wanawake peke yao asubuhi na usiku. Barabara ya kuendelea mbele kuelekea Towada inafungwa majira yote ya baridi, kwa hiyo usipange kupita hapo kwenda upande wa pili, utarudi Aomori ulikotoka. Wana basi lao la wageni kutoka stesheni ya Aomori ila lazima uweke nafasi kabla, piga siku unayobuku chumba, usisubiri kufika stesheni na begi lako kwenye theluji.